Chai ya moto iliyomtia baridi Mzee Sefu: nilivyoitwa mtia sumu Biryogo, Kigali, 1992

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini mkijifanya mnafanya kazi na mlioko nyumbani mkijifanya mnatafuta kazi.

Nimepita kwenye uzi wa mwenzetu aliyeuliza kwa nini ukila pipi ya mint halafu ukavuta pumzi, mdomo unakuwa kama friji iliyoachwa wazi. Wataalamu wamemjibu vizuri, wengine mpaka wamechora michoro.

Mimi sina mchoro. Shule yangu iliishia form four, na kemia tuliachana kwa amani. Lakini swali hilo liliwahi kujibiwa mbele yangu hadharani, nikiwa nimeshika glasi ya chai, na kama jibu lisingepatikana ningepoteza jina, kibanda na mji kwa mchana mmoja.

Nitasimulia kama ilivyokuwa. Pale nilipofanya upumbavu nitasema nilifanya upumbavu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka ishirini na nne. Kwetu Kigoma, lakini miguu yangu haijawahi kukubaliana na kwetu. Nilipomaliza shule nilivuka kwenda Bujumbura kwa wiki mbili, nikakaa miaka miwili. Kisha nikapanda basi kwenda Kigali kumfuata rafiki, nikaambiwa rafiki ameshahamia Goma.

Nikiwa nimesimama na begi langu nikasikia watu wanabishana kwa Kiswahili. Nikaweka begi chini. Ndivyo nilivyohamia Biryogo.

Kwa wasiopajua, Biryogo iko upande wa Nyamirambo. Wakati ule ulikuwa mtaa wa Waislamu hasa, mafundi cherehani, maduka madogo na misikiti. Kiswahili chao ni cha kwao. Kila kitu "iko". Mtu iko, chai iko, shida iko. Ukiwaletea Kiswahili cha darasani wanakutazama kama umevaa tai kwenda kuteka maji.

Nikafungua kibanda cha chai mwisho wa baraza la mafundi. Cherehani nane mstari mmoja, halafu jiko langu la mkaa, birika, benchi na glasi kumi na mbili. Chai ya maziwa yenye tangawizi, na maandazi. Maisha yakaenda.

Najua kuna mtu atauliza, mwaka huo si kulikuwa na vita? Ndiyo. Vita ilikuwa kaskazini, na mjini tuliiona kwenye vizuizi vya barabarani na kwenye redio ambayo mafundi waliizunguka kila taarifa ya habari. Watu walitazamana vitambulisho zaidi ya nyuso. Mgeni alitakiwa awe na karatasi zake sawasawa.

Zangu hazikuwa sawasawa. Kibali changu cha kukaa kilikuwa kimeisha na nilikuwa nikisema kila wiki kwamba nitakwenda kesho. Wekeni hilo akilini.

Sasa nimlete Mzee Sefu.

Alikuwa fundi mkuu wa lile baraza, miaka sitini hivi, mrefu, mkavu, kofia nyeupe isiyo na doa. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wenzake. Akinyamaza, cherehani saba zilipunguza sauti.

Mzee Sefu alikuwa adui wa baridi.

Niwaelezeni kwanza. Kule ukiagiza kinywaji unaulizwa, baridi au ya moto? "Ya moto" maana yake ambayo haijalala kwenye friji. Na watu wazima wengi wanachagua ya moto, kwa imani kwamba baridi inaingia kifuani na kukaa. Hilo ni la kawaida kabisa.

Lakini Mzee Sefu alipita kiwango. Yeye soda aliichemshia maji. Anaweka chupa nzima kwenye sufuria ya maji ya moto mpaka jasho litoke kwenye kizibo, ndipo anywe. Tikiti maji alilianika juani kabla ya kulikata. Ukimuuliza sababu atakwambia neno moja, "Yusufu." Huyo alikuwa mdogo wake. Inasemekana alitoka kwenye mpira na jasho lake, akanywa soda ya friji, siku ya tisa wakamzika. Tangu hapo mzee hakuruhusu kitu baridi kipite meno yake.

Na alikuwa na sharti la pili, ambalo si lake peke yake bali la nchi. Rwanda, mtu akikupa kinywaji nyumbani kwake anaonja kwanza mbele yako, funda moja, halafu anakukabidhi. Kuonyesha kwamba hakuna sumu. Wenyewe wanaita gusogongera. Hofu ya kutiliwa sumu kule si mchezo. Kuna neno, umurozi, yaani mtu anayewatilia wenzake sumu, na neno hilo likikushika halibanduki. Hawakupeleki popote, hawakupigi labda, ila hakuna atakayekula chako wala kukupa chake mpaka ufe au uhame.

Kwenye vibanda vya chai watu hawalazimishi kuonjewa, ni biashara. Mzee Sefu alilazimisha. Kila saa nne asubuhi nilijaza glasi yake, nikapiga funda moja huku akinitazama koo, nikampa. Miezi minane, kila siku ya kazi.

Sasa ukaja mwezi wa saba, kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Duka la ng'ambo ya barabara likaleta friji. Wateja wangu wa mchana wakahama na midomo yao.

Wakati huohuo nilikuwa na mafua. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Zaire aliniuzia kichupa cha mentoli, vile vijiti vyeupe vinavyometa kama sindano za kioo. Akasema weka kipunje kwenye maji ya moto, jifunike, vuta mvuke. Nikafanya hivyo. Pua ikafunguka kama geti la shule saa nane.

Halafu nikalamba kidole.

Wakuu, nilikaa chini. Mdomo ulipoa, nikavuta pumzi, pumzi ikawa ya baridi mpaka kifuani, na hapo nilikuwa nimeinamia sufuria inayochemka. Nikajiambia, kumbe baridi inaweza kukaa kwenye kichupa! Haihitaji umeme!

Mtu mwenye akili angeandika ubao, "Chai mpya, inapoza," akaeleza wateja, akauza. Ndicho nilichotaka kufanya, nawaapia.

Lakini wazo la pili likaja, na ni lile wazo ambalo likimjia kijana wa miaka ishirini na nne mama yake anapaswa awe karibu. Nikataka kuuona uso wa Mzee Sefu.

Basi tu. Nilitaka kuona uso wa mtu anayechemsha soda akikutana na baridi ndani ya chai ya moto.

Asubuhi nikatia punje kadhaa kwenye birika. Maziwa yalizimeza vizuri. Nilipofunua kifuniko mvuke ulinipiga, machozi yakatoka, na machozi yenyewe yalikuwa baridi. Hiyo ilitosha kuwa onyo, nikaichukulia kama mafanikio.

Saa nne ikafika. Hamada akapokea wa kwanza. Hamada alikuwa fundi wa suruali, mtu mzima mwenye watoto wanne na mdomo wa watoto kumi. Alikunywa kwa kasi huku anasimulia jambo, kwa hiyo hakugundua chochote.

Nikajaza glasi ya Mzee Sefu.

Hapa ndipo kosa lilipo. Nikionja, nitavuta pumzi, nitakodoa macho, nitajisaliti. Kwa hiyo sikuonja. Nikajifanya naondoa utando wa maziwa kwa kijiko, nikageuka kana kwamba kuna mtu ameniita, nikamkabidhi. Yeye alikuwa anapima bega la koti la bwana harusi. Akapokea bila kuangalia.

Akanywa funda. Akanywa la pili. Akaweka glasi chini.

Akafungua mdomo kusema kitu, hewa ikaingia.

Sijawahi kuona uso kama ule, na mpaka leo natamani nisingeuona. Macho yalifunguka polepole. Akafunga mdomo. Akaufungua tena, kidogo tu, kama mtu anayechungulia chumba chake akisikia kuna mgeni ndani. Akaufunga kwa nguvu.

Mimi nilikuwa nyuma ya birika nimeuma kitambaa kwa kicheko.

"Baridi," akasema.

Hamada akacheka. "Muzee, baridi gani? Jua hii inachoma mpaka mbuzi."

"Baridi imeingia. Iko kifuani. Kuna mlango umefunguliwa hapa." Akashika kifua. Kisha akachukua lile koti la bwana harusi, ambalo lilikuwa bado na mkono mmoja, akalivaa. Akafunga vifungo ambavyo bado vilikuwa ni alama za chaki.

Hamada akaacha kucheka. Akavuta pumzi. Nikaona na yeye imemfika.

"Yewe!" akasema. "Na mimi! Mana yanjye, Mungu wangu, mimi nimekunywa yote!"

Mzee Sefu akanigeukia, mkono mmoja ndani ya koti, mwingine nje.

"Mtanzania. Leo ulionja?"

Cherehani zikasimama zote. Wakuu, cherehani nane zikisimama pamoja unasikia mpaka vumbi linavyotua.

"Mzee wangu..."

"Nimekuuliza. Ulionja?"

"Hapana, mzee."

Kicheko kilinitoka mwilini chote kwa mara moja. Kwa sababu nilisikia mtu nyuma, sikumwona ni nani, akilisema lile neno kwa sauti ya chini. Umurozi.

Kufikia saa sita benchi langu lilikuwa tupu. Si tupu kwamba hakuna watu. Watu walikuwepo tele, wamesimama hatua tano kutoka benchi, duara zima, kana kwamba benchi lina mbwa. Mama mmoja aliyekuwa akinunua maandazi kila siku alipita akayarudisha mawili ya jana. Aliyaweka chini, hakunipa mkononi.

Wakaanza kuulizana. Huyu kwao wapi? Nani anamjua mama yake? Alikuja kumfuata nani? Yule rafiki aliyehamia Goma, kweli alihama? Mtu akasema aitwe konseye, yaani kiongozi wa serikali wa pale. Nikajua konseye akija swali la kwanza litakuwa karatasi, na nikishaonekana sina karatasi, katika mwaka ule, chai haitajadiliwa tena.

Mzee Sefu akainua mkono. "Konseye baadaye. Kwanza tuswali, kisha tukae tuangalie. Simhukumu mtu kwa kifua changu peke yangu."

Wakaenda kuswali adhuhuri, nikabaki nalindwa na Hamada, ambaye alikuwa ananiuliza kila dakika tano, "Sha Tanzania, niambie ukweli. Niko na saa ngapi za kuishi?"

"Hamada, hufi."

"Mimi niko na watoto wane."

"Ni dawa ya mafua tu."

"Mimi sikuwa na mafua! Sasa hiyo dawa inatafuta nini kwangu?"

Nikainama nikachochea mkaa.

Waliporudi kesi ikaanza. Nikaeleza yote ya kile kichupa, nikakitoa. Kikapita mikono kwa mikono ndani ya leso, hakuna aliyethubutu kukigusa. Mzee mmoja akasema, kama si sumu anywe mwenyewe. Nikasema nanywa. Nikanywa glasi tatu mbele yao.

Jamani. Glasi tatu. Koo likawa kama bomba la mvua. Machozi yakaanza kumwagika.

"Analia!" Hamada akapiga kelele. "Anajuta!"

"Silii, ni mvuke!"

"Umurozi anakunywa dawa kwanza nyumbani," mama mmoja akasema, "ndiyo maana hafi." Wakakubaliana naye. Kwa hiyo nisingekunywa nilikuwa na hatia, na nilipokunywa nilikuwa na hatia yenye maandalizi.

Hapo baadhi ya watu wakaanza kuona wivu wa kutojua. Baridi ya namna gani hiyo? Jirani mmoja akasema yeye atalamba tone moja, awe shahidi. Wa pili akasema shahidi mmoja hatoshi. Baada ya robo saa nilikuwa na mashahidi sita, watu wazima wenye heshima zao, wamesimama mstari mmoja midomo wazi, wakivuta upepo wa barabarani na kuambizana, "Iko! Iko! Umeisikia? Sasa imefika kwenye meno!"

Ndivyo Konsolata alivyotukuta.

Konsolata alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani, mama mnene wa Kikatoliki, gauni jeupe lenye mifuko mikubwa. Mtu alikuwa amekwenda kumwambia kuna watu wanane wametiwa sumu. Alikuja mbio. Akawatazama wale sita, midomo wazi, wamegeukia upepo.

"Mon Dieu. Munafanya nini?"

"Tunaangalia baridi," akajibiwa.

Akamkalisha Mzee Sefu, akamtazama macho, akamshika mkono, akatoa kipimajoto mfukoni. Akakikung'uta, akamwekea chini ya ulimi. Duara likasogea. Akakisoma.

"Muzee, joto yako iko sawa kabisa. Hakuna baridi."

"Kipimo chako kimeona chake, na kinywa changu kimeona chake," Mzee Sefu akasema. "Mimi nimekaa na kinywa changu miaka sitini. Hicho kipimo umekuja nacho leo."

"Basi tupime chai!" Hamada akasema. Na kabla mtu hajamzuia akakinyakua kipimajoto kwenye mkono wa Konsolata, akakitumbukiza kwenye glasi niliyokuwa nimeijaza muda huohuo kutoka kwenye birika lililokuwa linatokota.

Wakuu wa sayansi mnajua. Kipimajoto cha binadamu hakikutengenezwa kwa chai.

Kililia "tii". Hamada akakitoa. Alitoa nusu.

Akainua glasi juu aiangalie kwenye jua. Chini kabisa, ndani ya ile chai ya maziwa, vitone vya fedha vilikuwa vinakimbizana, vikigongana, vinaungana, vinaachana.

"Hiyo hapo," Hamada akasema kwa sauti iliyokauka. "Sumu. Naiona na macho yangu. Iko inatembea."

Umati ulirudi nyuma kama wimbi. Mtu akaacha viatu vyake nyuma. Mama wa maandazi akaanza kusoma dua kwa sauti. Mimi nilitazama ile glasi na, wakuu, kwa dakika moja hata mimi niliamini nimetia sumu.

"Weka chini!" Konsolata akanguruma. "Weka chini hiyo glasi, usiguse! Hiyo ni zebaki! Hiyo ndiyo sumu ya kweli!"

"Si tulisema!" umati ukajibu.

"Sumu umetia wewe, Hamada! Dakika moja iliyopita hii ilikuwa chai! Mulikuwa munatafuta sumu, haikuwepo, sasa mumeitia!"

Lakini nani anasikia? Ilichukua muda mrefu. Konsolata alifunika glasi kwa kisosi, akafukuza watu, akamwosha Hamada mikono kwa sabuni mara tatu huku akimtukana kwa Kifaransa, maana kile ndicho kilikuwa kipimajoto pekee cha zahanati. Kisha akasimama katikati, jasho linamtiririka, akaomba pilipili.

Kule wanaiita urusenda, na ni kali kama kesi. Jikoni kwangu ilikuwepo. Akampa Mzee Sefu kipande. Mzee akala, akaanza kupuliza.

"Nini?" Konsolata akauliza.

"Moto."

"Fungua kinywa. Nyie njooni muangalie. Kuna mahali imeungua? Kuna lengelenge?"

Wakachungulia wote kwa zamu ndani ya kinywa cha mzee. Hakuna kilichoungua.

"Sasa moto iko wapi? Muzee, sikiliza. Kwenye ulimi uko na askari wawili wa zamu. Mmoja kazi yake ni kupiga kelele 'moto'. Mwingine kazi yake ni kupiga kelele 'baridi'. Urusenda inamfinya yule wa moto, anapiga kelele, moto hakuna. Hii dawa inamfinya yule wa baridi, anapiga kelele, baridi hakuna. Chai yako ilikuwa ya moto tangu mwanzo mpaka mwisho. Askari ndiye alidanganywa."

Hiyo ndiyo sayansi yote niliyonayo, wakuu. Wenye majina ya Kilatini watanisahihisha, ila sijawahi kusikia maelezo bora kuliko ya Konsolata.

Watu wakaguna. Ilianza kuwaingia. Nikaanza kupumua.

Ila Mzee Sefu hakuguna. Alikaa na koti lake la mkono mmoja, machozi ya pilipili yanamtoka.

"Kwa hiyo kinywa kinaweza kusema baridi imeingia," akasema, "na baridi isiwe imeingia."

"Ndiyo muzee."

"Basi Yusufu aliuawa na nini?"

Hakuna aliyecheka. Hata Hamada alitazama chini. Konsolata angeweza kusema jina lolote la ugonjwa pale na wote tungeamini.

"Muzee, mimi sikuwepo," akasema polepole. "Sijui."

Mzee akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabu mishono. Kisha akanigeukia.

"Mtanzania. Sumu haikuwepo, nimesikia. Lakini miezi minane umeonja kila siku, leo hukuonja. Mtu haachi kuonja bure. Ulikusudia nini? Na useme kweli, maana hapa ndipo nitakaposema wewe uitwe nani."

Nilikuwa na uongo mzuri sana tayari. Nilitaka kusema nilisahau, wateja walikuwa wengi. Ungekubalika. Lakini nilikuwa nimeshamtazama wakati anauliza habari za ndugu yake, na uongo ukagoma kutoka.

"Nilitaka kukuona uso, mzee."

"Uso wangu una nini?"

"Nilijua huipendi baridi. Nilitaka kuona utakavyofanya. Ningeonja ungeniona ninavyoshtuka, ungejua. Nilitaka nicheke."

"Ulicheka?"

"Nilicheka. Nyuma ya birika."

Aibu ya pale, wakuu, sina kipimo chake. Nilikuwa nimekiri mbele ya mtaa mzima kwamba nimemfanya mzee wa watu mchezo. Kwa hesabu zangu nilikuwa nimekwisha.

Mzee Sefu akasimama, akawageukia watu.

"Nyote mmesikia. Mtu anayetia sumu hutia, akaondoka. Asubuhi hiyo utaambiwa amesafiri. Hakai. Huyu alikaa. Alikaa nyuma ya birika lake akiningoja uso. Katika maisha yangu nimewajua wawili watatu waliotuhumiwa sumu, na hakuna hata mmoja aliyesubiri kuangalia." Akanielekezea kidole. "Huyu si umurozi. Huyu ni mjinga. Na mjinga hatuna konseye wake."

Mtaa mzima ukapasuka kwa kicheko. Mashahidi sita walikuwa wanashikana mabega. Hamada alicheka mpaka akakaa kwenye benchi langu, na alipokaa yeye, wengine wakakaa. Nikajua nimepona. Nimepona kwa ushahidi wa upumbavu wangu mwenyewe, na sikukata rufaa.

Adhabu ilikuwepo. Konsolata aliniamuru nichote maji ya zahanati kila asubuhi mpaka kipimajoto kingine kipatikane, na hakikupatikana haraka. Hamada aliamriwa kumshonea gauni jipya. Bwana harusi alipewa koti lake likiwa na harufu ya tangawizi. Na mimi wiki ileile nikaenda kushughulikia kibali, nikiwa nimenyooka kama rula.

Niliondoka Kigali mwaka uliofuata, miguu ilianza kuwasha tena. Yaliyokuja baada ya hapo mnayajua, siyaleti kwenye uzi huu. Nimekaa Mwanza, nimekaa Lubumbashi, sasa niko mahali pengine na begi halijakaa mbali na mlango. Lakini mji ninaouota ni ule, na saa ninayoiota ni saa nne ya asubuhi, cherehani nane zinakwenda. Sijui wangapi kati ya wale mafundi wapo.

Nilichojifunza ni hiki. Kinywa chako ni shahidi mzuri, lakini naye ana askari wanaodanganyika, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa kinywa peke yake. La pili, kila mtu mwenye sharti la ajabu kuhusu chakula ana kaburi nyuma ya hilo sharti. Usilichezee kabla hujaliuliza. Na siku ukibanwa kweli, sema ule ukweli unaokuaibisha. Ni vigumu sana mtu kudhani umeutunga.

Wataalamu, nina swali langu la miaka mingi. Kama pilipili inamfinya askari wa moto na mint inamfinya wa baridi, kwa nini ukila vyote pamoja havifutani? Nimejaribu. Unapata vyote viwili, na kwikwi juu yake.

Na kama kuna mtu humu aliyekulia Biryogo, akawahi kusimuliwa habari za watu sita waliosimama barabarani midomo wazi wakivuta upepo, tafadhali aandike hapa alisimuliwa na nani. Ningependa sana kujua.

Karibuni, mcheke, mnisahihishe.